Jani la Mpera Mdomoni

Wewe uliyelishika daftari hili, tafadhali. Sikujui, lakini nakuomba kwa moyo wote: ukisoma, yaliyomo yabaki kwako. Usimsomee jirani, usilipige picha, usimpe mwenzako wa safari alipitishie muda. Humu kuna kosa langu moja, na kuna mtu aliyelibeba badala yangu. Kijiji sitakitaja. Ni kimoja kati ya vile vya milima ya Mwese, na kituo chetu cha afya ni kidogo, hivyo ukitamka jina moja tu watu watajua yaliyobaki. Kama siri inakushinda, lifunge hapa hapa uliweke mahali pakavu. (Ukurasa huu wa kwanza niliuacha wazi. Nimeuandika tarehe 8 Februari.)

2 Januari
Nimeripoti. Karani wa mapokezi na kumbukumbu, miezi minne ya majaribio hadi mwisho wa Aprili, halafu kamati ya kituo itakaa na kuamua kama nabaki. Nina stashahada ya Tabora yenye alama nzuri, na nimetoka Mpanda mjini hadi hapa kwa saa tano za matope juu ya bodaboda. Mganga mfawidhi ni Daktari Stanslaus, Mfipa mrefu asiyependa maneno mengi. Ameniuliza kama naogopa radi. Nimesema hapana. Si kweli.

3 Januari
Chumba changu kinavuja karibu na mlango. Nimeweka beseni.

5 Januari
Mvua. Nimepanga mafaili yote kwa herufi, kisha nikayahakiki mara mbili, kisha mara ya tatu kwa sababu ya mbili sikuziamini.

7 Januari
Radi imepiga mnara wa simu jana jioni. Kijiji kizima hakina mtandao. Daktari amesema mafundi watakuja barabara ikikauka, maana yake baada ya mvua zote, maana yake Mei. Mpaka hapo, mahali pekee pa kupata simu ni Jiwe, mwamba ulio juu ya mashamba, mwendo wa nusu saa kwa mtu asiyeteleza. Kila siku saa tatu hospitali ya wilaya itapiga simu ya kituo, kitochi kile cha vibonye, na mtu wetu atakuwa juu kupokea. Kwa utaratibu mtu huyo ni karani. Nimesema sawa, Daktari. Nimekwenda kukaa chooni kidogo.

9 Januari
Nimetukanwa, au nadhani nimetukanwa. Nilikuwa natoka kisimani nikakutana na mama Libérat akishuka mlimani. Jina lake ni Ernestine, lakini hapa humwita kwa mwanawe wa kwanza. Ndiye mhudumu wetu: anafagia, anachemsha vifaa, anawasindikiza wajawazito. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye akazaliwa huku. Nikaweka ndoo chini, nikampa shikamoo kama nilivyolelewa. Akanipita. Alikuwa na jani limebanwa katikati ya midomo, macho mbele, miguu inakwenda kwa kipimo kama ya askari. Hata hakugeuka.
Nimekosa nini? Nimekaa hapa siku saba tu.

10 Januari
Sikumsalimu asubuhi. Yeye akanisalimu kwa furaha kana kwamba jana haikuwepo.

12 Januari
Nimejua, na nina aibu.
Jana ilikuwa zamu yangu ya kwanza ya Jiwe; kabla ya hapo Daktari alimtuma mama Libérat. Nilifika chini ya mwamba, radi ikalia upande wa ziwani, nikachutama chini ya mwavuli. Mama Libérat alikuwa akikata majani ya kufunikia kuni. Akaniangalia, akauchukua mwavuli mkononi mwangu, akachukua na simu, akapanda yeye. Aliposhuka alichuma jani kwenye mpera wa njiani, akalibana mdomoni, akashuka moja kwa moja hadi kwa Daktari. Mimi nilimfuata nyuma nikikimbia. Njiani tulikuta watu sita. Hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja mwenye baiskeli alisimama, akaipeleka kando.
Mlangoni kwa Daktari akalitema jani, akasema mambo manane aliyopewa, kwa mpangilio, pamoja na namba ya kumbukumbu ya dawa zilizoagizwa. Daktari akaandika. Hakumwomba arudie hata mara moja.
Baadaye nikamuuliza. Akacheka. Kabla ya mnara kujengwa, alisema, yeye ndiye aliyekuwa akishusha maneno ya wilaya kutoka Jiwe kwa miaka tisa. Kuandika kwake ni kwa taratibu, na huko juu daktari wa wilaya hana subira. Kwa hiyo alibeba kichwani. Lakini kila siku alikuwa anapoteza nusu njiani, na alipochunguza akagundua kinachomnyang'anya ni kitu kimoja.
"Salamu," alisema. "Watu wa hapa wanapenda salamu kuliko chakula. Umeamkaje, watoto, mzee, ng'ombe, mvua ya kwenu. Ukimaliza kujibu, ya wilaya yamekwisha."
Kupita bila kujibu ni ukorofi, hilo linajulikana. Ndipo mkunga wa wakati ule, marehemu sasa, akamwambia abane jani mdomoni ili watu waone kwamba kinywa kina kazi. Jambo hilo likatangazwa kanisani. Tangu hapo mwenye jani la mpera hasalimiwi, hata na mtoto.

18 Januari
Leo ni Jumamosi, wagonjwa wachache, nimeandika sana.
Tabora mkufunzi wetu mmoja alitusomea tarakimu, tukasubiri amalize, ndipo tukaandika. Tatu, sote tulipata. Tano, wengi wetu. Alipofika tisa darasa lilicheka. Akatuambia kwamba mbali na kumbukumbu ile kubwa ya miaka, inayotunza jina la shule ya msingi na harufu ya nyumbani, akili ina mahali padogo pa mbele panapoitwa kumbukumbu ya kazi. Hapo kitu hushikwa wakati kinatumika. Pana nafasi ya vifurushi vichache, vinne hivi, na kisiporudiwa rudiwa kifurushi hutoweka kwa sekunde. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama zote. Sikulielewa hadi wiki hii.
Maana leo nimemjaribu mama Libérat. Tulikuwa tunakunja shuka. Nikamsomea vitu kumi na viwili kutoka kwenye daftari la stoo. Miguu yake iligusa sakafu mara kadhaa, akavirudisha vyote. Nikamwambia mama, hilo haliwezekani, akili inabeba vinne. Akasema ndiyo, vinne, nani alisema anabeba zaidi? Yeye anafunga mafungu. Vinavyokwenda pamoja anavifunga pamoja, akavipa jina moja, na jina ndilo analobeba. Sindano, pamba na spiriti kwake ni "mkono wa mtoto". Akifika anafungua. Fungu la tano halichukui. Siku wakimpa la tano humwambia daktari wa wilaya asubiri, anashuka, anapanda tena.
"Cha tano kinasukuma cha kwanza," alisema. "Hakuna anayekiona kikianguka. Ndiyo ubaya wake, hakipigi kelele."
Nimekaa na sentensi hii nikitazama mvua. Hata kuisoma sentensi kunahitaji mahali pale padogo: mwanzo wake lazima ushikwe mpaka mwisho ufike, la sivyo maneno yote ni kokoto. Kila mtu anayepita barabarani anabeba kitu hicho, kidogo kuliko kiganja, na ndicho kinachomwezesha kumaliza alichokianza. Mimi nilijifunza jina lake. Huyu mama aliye na darasa la nne alijifunza ukubwa wake, kwa kupima, peke yake, mlimani.

20 Januari
Nimepanda Jiwe mwenyewe. Radi haikuwepo. Ujumbe: hakuna ujumbe.

27 Januari
Utaratibu wangu ni huu. Juu ya mwamba mtandao unashika pale kwenye ncha tu, mkono mmoja simu, mwingine umeshika mzizi usiteleze. Kuandika hakuwezekani. Kwa hiyo daftari la ujumbe naliacha chini kwenye mfuko wa nailoni, penye pango dogo. Nasikiliza, nashuka hatua arobaini, naandika. Hatua arobaini tu. Jani sichumi. Nitaonekana mshamba anayejifanya mwenyeji.

31 Januari
Mvua siku nzima. Beseni limejaa mara tatu.

4 Februari
Ujumbe wa wilaya: chanjo za watoto zinakuja Alhamisi. Nimeandika na kumpa Daktari.

6 Februari
Sijui nianzie wapi. Nitaanza na asubuhi.
Akina mama walianza kufika saa moja, kutoka vijiji vya juu, watoto mgongoni, matope hadi magotini. Nilihesabu arobaini na mmoja. Wengine walitembea saa tatu. Saa sita Daktari alimtuma mtu wa pikipiki kwenye njia panda ya msalaba, ambako magari huishia, maana nilimwambia gari la chanjo litafika saa saba na halisubiri. Mtu akarudi na deli la chanjo, lile sanduku la barafu, uso umemshuka. Gari lilifika saa nne. Dereva alingoja, hakuona mtu, mvua ilikuwa inapandisha mto nyuma yake, akaliacha deli kwa mwenye kibanda na kuondoka. Mwenye kibanda, kwa wema, aliliweka kando akalifungua aone kama kuna kitu cha kuharibika. Barafu ilikuwa maji. Daktari alitazama kipimajoto, akafunika.
Akawaambia akina mama mwenyewe. Hakuna aliyepiga kelele. Walifunga tena mbeleko, mmoja mmoja, wakaanza kupanda.
Saa nne. Niliambiwa saa nne. Sasa naikumbuka hata sauti ilivyosema. Lakini juzi niliposhuka ile miamba, kwenye hatua ya ishirini hivi, alikuwepo mzee Apollinarie, ambaye shamba lake la maharage liko chini ya Jiwe. Yeye ni katekista, na tena ndiye mwenyekiti wa kamati, yule atakayeamua Aprili. Alinisalimu. Kwetu Mpimbwe msichana akisalimiwa na mzee anakunja goti, na haliinui mpaka mzee amalize. Nilikunja goti kwenye matope. Akauliza mpunga wa kwetu umefikia wapi. Akauliza wazazi. Akanieleza kuhusu wajukuu wake walioko Katumba, saba, wote wanasoma. Nilisema hongera babu. Nikashuka hatua zilizobaki, nikafungua daftari, nikaandika kwa mwandiko safi: Alhamisi, njia panda ya msalaba, saa saba.
Saba walikuwa wajukuu.

7 Februari
Daktari alituita ofisini, akauliza ujumbe wa Jumanne ulishushwa na nani. Mimi nilikuwa nimekwisha fungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua. Hakutoka kitu. Mama Libérat, aliyesimama na fagio, akasema: "Ni mimi, Daktari. Karani alikuwa anaumwa tumbo, nikamshushia, yeye akaandika tu."
Daktari akasema kwa miaka yote hajawahi kumwona akikosea. Mama akasema umri unaenda.
Amepewa barua ya onyo. Haruhusiwi kupanda Jiwe tena. Na kwa kuwa yeye ni kibarua anayelipwa na kamati, siyo mwajiriwa, jina lake litapelekwa kwenye kikao cha Aprili waamue kama aondoke.
Barua hiyo niliiandika mimi kwa mashine. Ndiyo kazi yangu.

8 Februari
Sikula.

10 Februari
Nilimfuata jikoni alikokuwa anachemsha mikasi. Nikamuuliza kwa nini. Alisema mimi ni mtoto wa watu, niko mbali na kwetu, na nikifukuzwa kazi ya kwanza nitaogopa maisha yangu yote, na tayari naogopa vya kutosha. Yeye ana shamba, ana mihogo, hatakufa.
Nikamwambia nitasema ukweli. Akasema utasema ukiweza.
"Nyie mliosoma mnaogopa sana karatasi," alisema. "Mimi barua yenyewe nimeifunikia maziwa."
Alicheka. Lakini alipogeuka kuongeza kuni aliirudisha kwenye maji mikasi iliyokwisha chemka. Miaka kumi na saba amefagia hapa.

11 Februari
Sikusema.

14 Februari
Sikusema. Daktari alikuwa na wagonjwa wengi.

20 Februari
Chanjo nyingine zimekuja, zimefika salama. Walikuja akina mama ishirini na tisa. Kumi na wawili hawakurudi. Nimeandika majina yao kwenye karatasi yangu na Daktari amekubali kwamba barabara ikifunguka tutawafuata huko huko.
Bado sikusema.

26 Februari
Nimegundua kitu kinachonitisha. Nasahau zaidi sasa kuliko Januari. Leo mgonjwa alinitajia jina, umri na kijiji, vitu vitatu, nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Akaniuliza kwa upole kama nasikia vizuri.

5 Machi
Jumatano ya Majivu. Mzee Apollinarie alinipaka majivu. Mkono wake ni mzito na wa moto. Nilitazama chini.

9 Machi
Nimemwomba mama Libérat anifundishe. Tumefanya nyuma ya wodi, kati ya kamba za kuanikia. Ananipa maneno, nazunguka kamba, narudi, nasema. Mwanzo nilikuwa naangusha hata matatu. Akanifundisha kutafuta vinavyoshikana na kuvifunga. Akanifundisha kuvisema moyoni kila hatua ya mguu wa kulia, maana usiporudia kinapoa. Yeye hurudia kwa Kirundi ingawa amepokea kwa Kiswahili. Anasema njiani watu wanaongea Kiswahili, kwa hiyo Kirundi hakigusani nao. Nikajaribu kwa Kipimbwe. Ni kweli. Maneno ya nyumbani yanakaa mbali na kelele.
Lakini bado naangusha. Akasimama, akaniambia nifungue kiganja. Akaweka maharage, mengi, hadi yakajaa. Kisha akanisukumia beseni la nguo, pokea. Nikalipokea. Maharage yalimwagika chini.
"Umeona," alisema. "Hakuna aliyekunyang'anya. Wewe unapanda Jiwe mkono umejaa tayari. Ndiyo maana."
Hakusema umejaa nini. Tukaokota maharage.

10 Machi
Mvua kubwa. Mto umechukua daraja la chini.

13 Machi
Daktari amesema kikao cha kamati kimewekwa tarehe 25 Aprili. Ajenda ya tatu: kibarua Ernestine. Ajenda ya nne: karani Pelagia, yaani mimi. Nimeziandika mwenyewe, moja chini ya nyingine.

18 Machi
Nataka kuandika leo leo, kabla mambo hayajapoa.
Séverine, mke wa fundi cherehani, alijifungua alfajiri. Mtoto mzima, wa kiume. Mama akaendelea kutoka damu. Daktari alimpa dawa, ikapungua, ikarudi. Saa tatu kasoro alitoka leba na mikono yote nyekundu hadi kwenye viwiko, akaniambia nikimbie Jiwe, nieleze hali, nilete maelekezo. Mama Libérat alikuwa ndani amemshika Séverine miguu. Alinitazama tu. Hata asingekatazwa, asingeweza kuondoka pale.
Nilipanda kwenye mvua. Nilipochukua daftari la ujumbe kutoka kwenye mfuko, mfuko ulikuwa umetoboka, na daftari lote lilikuwa uji. Kalamu ilichana karatasi badala ya kuandika. Nikaacha.
Kwenye ncha simu ilishika mara ya tatu. Daktari wa wilaya, mwanamke, anaongea upesi. Nilieleza hali. Akanipa mambo sita. Nikamwomba arudie, akarudia. Nilipojaribu kuyasema mwenyewe nikapata manne. Akarudia tena, nikapata manne, lakini siyo yale yale. Nilisikia pumzi yake. Mtandao ulikuwa unakatika katika.
Na nikaona wazi, kama mtu anayetazama ndani ya sanduku, kitu kilichokuwa kimekaa mle. Kila nilipopokea neno, kulikuwa na sauti inayosema: ukikosea na hili, watajua na lile la Februari lilikuwa lako. Haikuwa hofu ya radi wala ya mwamba. Ilikuwa hiyo tu, na ilikuwa imeshika nafasi mbili kati ya nne, tangu tarehe saba Februari, mchana na jioni, jikoni na kanisani.
Nikasema kwa sauti, pale pale juu, simu ikiwa sikioni: nitasema leo. Daktari wa wilaya akauliza, unasema nini? Nikamwambia samahani dokta, rudia mara moja ya mwisho.
Akarudia, nami nikafunga. Gari: haliwezi kuvuka, litasimama ng'ambo ya mto penye daraja la miti, saa nane. Watu: wawili, wa kundi O, waje na mgonjwa. Dawa: ile ya asubuhi isirudiwe, na saa aliyopewa iandikwe kwenye kadi. Gari, watu, dawa. Mafungu matatu. Nikayasema yote sita. Akasema sahihi, nenda.
Chini ya mwamba nikachuma jani la mpera, nikalibana. Lilikuwa chungu na baridi. Gari, watu, dawa, kwa Kipimbwe, mguu wa kulia, mguu wa kulia.
Mzee Apollinarie alikuwa njiani.
Njia pale ni nyembamba, upande mmoja majani marefu yenye maji, upande mwingine korongo. Alikuwa anapanda, jembe begani, na alikwisha inua uso. Yule yule, kwenye mteremko ule ule. Goti langu lilianza kukunjika lenyewe. Miaka ishirini na tatu limefundishwa. Nililihisi likienda, na nikahisi fungu la tatu likisogea ukingoni.
Sikukunja. Nilimtazama kifuani ili nisimtazame usoni, nikaendelea kutembea. Nilikuwa nampita mwenyekiti wa kamati bila shikamoo, kama mbuzi.
Mzee aliona jani. Akashusha jembe. Akatoka njiani, akaingia kwenye majani yale hadi kiunoni, akavua kofia mvua ikimnyeshea kichwani, akasimama hivyo mpaka nilipopita.
Nililia, nadhani. Lakini kulia hakuchukui nafasi. Gari, watu, dawa.
Mlangoni nikatema jani. Nikasema yote sita. Daktari alikuwa anasikiliza huku anafanya kazi. Akaniuliza saa ngapi, nikasema nane. Una hakika? Nina hakika. Mama Libérat aliinua uso kutoka miguuni mwa Séverine, akatikisa kichwa kidogo, ile ya kukubali.
Nikasema: "Kuna la saba, Daktari. Ya Februari nilikosea mimi. Mama Libérat hakupanda siku ile."
Daktari akasema: "La saba litasubiri. Shika machela upande huo."
Tuliondoka watu kumi. Wenye kundi O nilikuwa nao kwenye rejesta, kwa herufi, nikawapata upesi: mwalimu mmoja na mume mwenyewe. Tulifika kwenye daraja la miti saa nane kasoro dakika kumi. Gari lilikuwa ng'ambo, taa zimewashwa.

19 Machi
Mtu wa pikipiki ameleta habari kutoka njia panda. Séverine yuko hai. Ameongezewa damu. Ameomba uji.

20 Machi
Daktari ameniita. Alisema alijua tangu siku ile ofisini, maana mama Libérat anapokosea husema kabla hajaulizwa. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali barua iandikwe. Akasema alikuwa anangoja kuona itanichukua muda gani, na kwamba hilo nalo lilikuwa kosa, lake, kwa sababu aliyeumia ni mtu wa tatu. Sikutegemea kumsikia akisema hivyo. Tangu nije nilidhani ni mtu mkali. Ni mtu anayepima maneno.
Barua ya mama Libérat imefutwa. Yangu imeandikwa. Niliiandika kwa mashine mwenyewe, nikaihakiki, nikaiweka kwenye faili, herufi P.

22 Machi
Mzee Apollinarie amekuja mapokezi. Hakuwa mgonjwa. Alivuta kiti.
"Karani," alisema, "Jumanne hukunisalimu. Nimeifuata salamu yangu."
Nikatoka nyuma ya meza, nikakunja goti hadi sakafuni, nikampa shikamoo, naye akaniuliza yote, wazazi, mpunga, usingizi, mvua, nami nikajibu yote, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakacheka mpaka kikohozi. Alipomaliza nilimweleza ya Februari, na wajukuu. Akasema siku ile aliona sina jani, akadhani sina kitu kichwani. Akasahihisha, akasema sina mzigo.

30 Machi
Mvua ndogo. Beseni halijajaa.

6 Aprili
Tumeanza kuwafuata wale kumi na wawili. Mama Libérat yuko mbele, mimi na rejesta, Daktari na deli. Watoto watano leo. Mama mmoja alikataa kwanza, akaniuliza kama safari hii barafu ni barafu. Nilimfungulia aone.

25 Aprili
Kikao. Ajenda ya tatu: mama Libérat anabaki, na kuanzia sasa ujumbe wa Jiwe utashushwa naye au na karani, yeyote mwenye kichwa kitupu siku hiyo. Hayo ni maneno ya mwenyekiti, nami nimeyaandika kwenye muhtasari kama yalivyo. Ajenda ya nne: karani aongezewe majaribio miezi minne. Barua ya onyo ibaki kwenye faili. Ni haki.
Jioni mama Libérat alinipa maharage kwenye kikombe. Alisema niyapike, yamefanya kazi ya kutosha.

28 Aprili
Ukurasa wa kwanza sitauchana. Hapa kijijini kosa langu si siri tena, lakini wilayani utaratibu bado unasema karani peke yake, na siku anaposhusha mama Libérat, kwenye rejesta jina lake naliandika kwa penseli. Hilo ndilo nakuomba ulitunze.
Kama daftari hili limeanguka kwenye bodaboda au machela nawe umeliokota, nirudishie hivi. Usipige simu, mnara bado umekufa. Kutoka Mpanda mjini chukua pikipiki ya Mwese, ushuke njia panda ya msalaba, umwulize mwenye kibanda, atakuonyesha njia ya kituo. Asubuhi hadi saa mbili na nusu utanikuta mapokezi. Kuanzia saa tatu nitafute kwenye njia ya Jiwe. Ukiniona nashuka na jani mdomoni, usinisalimu hata kidogo, sogea kwenye majani nipite. Nifuate polepole hadi mlangoni kwa Daktari. Nikishalitema nitageuka, nami nitakusalimu, wewe na wote wa kwenu, mpaka uchoke.